Plastiki Nayo Hunywa

Nyie vijana mnaopuliza rangi siku hizi mnapenda kunitania kwamba Mzee Ambokile kastaafu, lakini bampa likipita mbele yake lazima aligonge kwa kucha. Ni kweli, nagonga. Juzi hapa Mafinga nililigonga la dada mmoja aliyesimama kununua viazi, akadhani namwibia taa. Nikamwomba radhi, nikamwambia bampa lake ni zima. Alinitazama jinsi watu wanavyomtazama mzee aliyesahau kumeza dawa zake, akafunga vioo.

Mimi ni fundi rangi wa magari. Nilianzia gereji za Mwanjelwa kule Mbeya, nikamalizia hapa Mafinga, mji wa mbao na baridi. Habari za bati mnazijua, na msipozijua yupo fundi kila kona wa kuwafundisha. Mimi nataka kuwaeleza habari za plastiki, hasa zile za mchanganyiko, na jinsi zinavyokunywa thina na petroli. Jambo hilo nusura linichukulie mtu wa nyumbani kwangu. Halikumchukua, ndiyo maana naandika haya nikiwa natabasamu, chai yangu iko pembeni.

Sisi tulilelewa na bati. Bati halina siri. Ukilimwagia thina, thina inapanda hewani na bati linabaki vilevile. Unaweza kulifuta mara mia, kulipiga msasa, kulichoma, na bado ni bati. Kwa hiyo magari yalipoanza kuja na mabampa ya plastiki, sisi tuliyafanyia kazi kama bati. Tulifuta, tukapiga praima, ile rangi ya chini ya kushikisha, tukapuliza, tukapokea sifa. Mwenye gari akishatoka getini tunasema kazi imeisha.

Kulikuwa na mchungaji mmoja wa Kilutheri aliyepakiwa rangi bampa lake kwenye gereji yetu. Siku hiyo mimi nilikuwa naumwa malaria, na mashahidi wapo. Mchungaji akaondoka Mbeya kwenda Iringa na bampa jeupe linalong'aa, nyuma kabeba wanakwaya. Alipofika Igawa, kwenye lile joto la Usangu, rangi ikaanza kuinuka pembeni. Akaendelea tu, mtu wa imani. Kabla hajafika Makambako upepo ulikuwa umeibandua yote kwa mkupuo mmoja, ikajitandaza kwenye kioo cha mbele, akasimama ghafla na kundi zima la kwaya likaangukia mbele. Aliporudi wiki iliyofuata alikuwa ameikunja vizuri na kuiweka kwenye kiti.

"Naomba kuuliza mafundi," akasema kwa upole. "Hii ni rangi au ni shuka?"

Tukafanya wanachofanya mafundi wote wakikosa jibu, tukamlaumu muuza rangi. Huyo alikuwa Bwana Jayanti, Mhindi mwenye duka mjini Mbeya, mtu mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alizaliwa Tukuyu, kwa hiyo alikuwa akitutukana kwa Kinyakyusa kizuri kuliko changu. Tukamwendea na lile shuka letu, tukidai ametuuzia rangi feki.

"Rangi yangu ni nzima," akasema. "Wagonjwa ni nyinyi. Mmepaka bampa kama mnapaka geti."

"Sasa si yote ni rangi tu, Bwana Jayanti?"

"Mwebandu, enyi watu! Plastiki hii ilikunywa kidogo mno, ndiyo maana rangi haikushika. Na ile dashibodi mliyoipaka mwezi uliopita ikapasuka, ile ilikunywa mno. Zote mnaziita plastiki. Na mimi na wewe wote tunaitwa wanaume, lakini nani kati yetu ana akili?"

Akachukua chupa za jamu, akazijaza thina, akatumbukiza vipande: kimoja cha bampa, kimoja cha kava ya kioo cha pembeni, kimoja cha dashibodi. Akazipanga kaunta, karibu na kalenda, akatuambia turudi baada ya siku chache. Tuliporudi, kile cha kava ya kioo kilikuwa kimeyeyuka, kimekuwa uji. Kile cha bampa kilikuwa kimevimba kidogo na kulegea, lakini kilipokauka kikarudi karibu na hali yake. Cha dashibodi nacho kilikuwa kimevimba. Alikitoa, akakianika juani mpaka kikakauka, na ungekiona ungesema hakijawahi kuguswa.

"Kikunje," akaniambia.

Nikakikunja kidogo tu. Kikakatika kama biskuti.

"Umeona? Kilichoyeyuka hakikudanganyi. Mwogope huyu aliyekauka akaonekana mzima." Kisha akatutoza gharama ya thina, kwa sababu mwalimu ni mwalimu na duka ni duka.

Mimi ni mtu mgumu kufundishwa, mke wangu atawaambia, lakini siku ile niliondoka na kitu kichwani. Baadaye, kwa kuuliza na kuharibu na kusoma nilichoweza, nikaelewa hivi. Plastiki ya mchanganyiko ni makande. Mahindi na maharage yameiva sufuria moja, lakini ukichota kijiko, hindi bado ni hindi na harage bado ni harage. Kiwandani wanachanganya plastiki ngumu na nyingine laini yenye tabia ya mpira, ili ile ngumu ibebe mzigo na ile laini imeze mshindo. Zikishikana vizuri unapata kitu chenye nguvu kuliko kila moja ikiwa peke yake. Ndiyo maana mabampa, dashibodi na vitu vingi vya kugongwagongwa hutengenezwa hivyo.

Sasa thina ikiingia humo haiingii kwa usawa. Inaipenda moja kuliko nyingine. Iliyopendwa inavimba, isiyopendwa inakaa kama ilivyo, na pale zilipokuwa zimeshikana panaanza kuachia. Halafu thina inaondoka polepole. Iliyovimba inasinyaa, lakini palipoachia hapashikani tena. Ndani vinabaki vipengo vidogo vidogo na nyufa nyembamba kama nywele. Nyufa hizo hupenda kuanzia pale ambapo plastiki imebanwa au kukunjwa, yaani kwenye tundu la skrubu, kwenye ribiti, kwenye kona. Kwa nje unaona kung'aa tu, na mteja anakuita fundi mkuu.

Kwa hiyo geuzeni kitu nyuma kabla hamjakishika. Nyuma ya plastiki nyingi za gari pameandikwa herufi. Mkiona herufi, halafu alama ya kujumlisha, halafu herufi nyingine, hayo ni makande, nendeni nayo kwa adabu. Pasipoandikwa, kwangua kipande kidogo upande usioonekana, kitie kwenye kikombe cha maji. Kikielea, hicho ni jamii ya mabampa, kinataka praima yake maalumu, la sivyo mtapata shuka la mchungaji. Kikizama, chovya pamba kwenye thina, gusa mahali pa kujificha. Pakinata kidoleni, jua kitu hicho kina kiu. Kifute kwa sabuni na maji, rangi ipulizwe nyepesi nyepesi, na katikati ya mkono na mkono wa rangi kiachwe kipumue. Petroli msiilete karibu kabisa. Najua mnaichanganya na thina ili idumu, msinitolee macho.

Na jambo hili la kupumua, nyie wa nyanda za juu mnalo tatizo ambalo fundi wa Dar es Salaam halijui. Igawa ukipuliza, unageuka kuchukua kitambaa, thina imeshapaa. Mafinga mwezi wa saba, na ukungu ule unaoshuka kutoka kwenye misitu ya Sao Hill, thina inakaa juu ya plastiki kama mgeni asiyeaga. Haipai. Na isipopaa juu, inazama chini. Halafu fundi wetu, kwa kuogopa ukungu usitie madoa kwenye rangi, anakifunga kitu ndani ya mfuko wa nailoni na kukiweka karibu na jiko la mkaa. Hilo kosa nimeliona Mafinga, nimeliona Makete, sijaliona kwingine. Ni kosa la watu wa baridi. Thina imefungiwa ndani ya mfuko, imepashwa joto, haina pa kwenda ila kuingia kwenye plastiki.

Sasa niwaambie ya nyumbani kwangu.

Mwanangu Lusajo ni dereva wa lori la mbao. Alioa binti wa Kihehe kutoka Igowole, jina lake Vero, afisa ugani. Kazi yake ni kuzunguka vijijini kwa pikipiki, kuwaonyesha wakulima wa viazi na chai namna ya kupambana na wadudu. Wanaishi kwenye kiwanja chetu, nyumba yao upande wa pili wa tangi la maji. Ni mkwe mzuri. Hayo nayajua kwa kuambiwa, kwa sababu mpaka siku ninayotaka kuwasimulia nilikuwa sijawahi kuzungumza naye.

Msishangae. Kwetu Unyakyusa mkwe wa kike na baba mkwe hawakutani macho, hawasemezani, hawali pamoja. Tunaita ukutila, kuogopana kwa heshima. Baba mkwe akitokea, mkwe anajificha au anajifunika uso, na yeye baba anageukia pengine. Vitu anavyovaa mkwe baba hagusi. Siku hizi vijana wengi wameacha, lakini mimi nililelewa hivyo, na kaka yangu mkubwa kule Tukuyu ni mkali wa mambo hayo. Vero si wa kabila letu, angeweza kukataa. Hakukataa. Mama Lusajo alimweleza mara moja tu, naye akaishika mila yetu kuliko binti zangu mwenyewe.

Kazi ya kupeleka maneno ilikuwa ya mke wangu. Vero akitaka kunisalimu anamwambia mama, mama ananiambia. Nami nikitaka kusema geti lifungwe, namwambia mama. Mama asipokuwepo, nilikuwa nasema na kuku. Ndiyo, kuku. Nasimama upande wangu wa tangi nasema kwa sauti, "Nyie kuku, leo umeme utakatika, anayetaka kupiga pasi apige sasa." Nikiingia ndani nasikia pasi. Tuliishi hivyo kwa amani, na kuku walipata habari nyingi.

Mwezi wa saba nilikwenda Mbeya kumwona rafiki aliyelazwa. Kumbe huku nyuma Lusajo akataka kumfurahisha mke wake. Akaichukua elementi yake, ile kofia ya kuendeshea pikipiki, iliyokuwa nyeusi na imechakaa, akaingia stoo kwangu, akakuta rangi nyekundu na mabaki ya thina. Thina haikutosha, akaongeza petroli. Akaifuta vizuri elementi kwa mchanganyiko huo, ndani na nje, akaipuliza, tena akapuliza, akaandika jina kwa rangi nyeupe. Kulikuwa na ukungu. Akaifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka jikoni karibu na mkaa ikalala hapo. Asubuhi akampa mke wake, akapanda lori lake kwenda Songea. Mwanangu anapenda mke wake, sina lawama hapo.

Nilirudi nyumbani jioni, sikuiona. Mke wangu naye alikuwa ameshaondoka kwenda msibani Tukuyu. Asubuhi nikatoka nje na mswaki mdomoni. Ukungu ulikuwa mzito, tangi la maji lenyewe nililiona kwa shida. Pikipiki ya Vero ilikuwa imesimama uani, na juu ya kiti imekaa elementi nyekundu, inang'aa kama kitu cha harusi.

Kwanza nilifurahi. Nikasema moyoni, nani kapuliza vizuri hivi? Halafu nikainusa. Siku zilikuwa zimepita tangu ipakwe, na bado ilikuwa inatoa harufu ya thina. Pua ya fundi rangi haistaafu. Kitu kikitoa harufu siku zote hizo, ujue kimekunywa na sasa kinacheua.

Sikuigusa, kwa kuwa ni ya mkwe. Niliinama nikaitazama, mikono nyuma. Kwenye ribiti inayoshika mkanda wa kidevu niliona nyufa nyembamba zimetawanyika, nyingine zimepanda kuelekea utosini. Niliinama zaidi nikaangalia ndani. Lile povu gumu jeupe, ambalo ndilo linalopokea pigo, lilikuwa limeliwa pembezoni kama limetafunwa na panya. Petroli hulila lile povu haraka sana. Nikatambua kwamba kilichokuwa juu ya kiti kile ni rangi iliyosimama yenyewe, na ndani yake hamna elementi.

Mlango wa upande wa pili ukafunguka. Vero akatoka na mkoba wa kazi, akaniona, akajifunika kitenge usoni na kurudi nyuma ya tangi, kama siku zote. Nami kama siku zote nikaondoka haraka kwenda upande wangu. Miguu ilikwenda yenyewe, mazoea yana nguvu. Nikasimama pale nikaanza kusema.

"Nyie kuku! Hiyo elementi ni mbovu! Isivaliwe! Nyie kuku, mnasikia?"

Kuku walisikia, wakakimbia. Vero alikuwa ameshawasha pikipiki. Pikipiki za kazi zile zina mlio wa kusaga mahindi, hakusikia neno. Nilichungulia nikamwona anavaa elementi, anafunga mkanda, anaelekea getini. Nikaifikiria barabara ya Igowole asubuhi ile, ukungu, utelezi, malori ya magogo yanayokuja taa zimewashwa nusu. Nikamfikiria mjukuu wangu, mtoto wao, aliyekuwa bado amelala ndani na yaya. Niliogopa, vijana.

Na bado nilisimama pale. Nataka mlijue hilo, kwa sababu mtu akikuambia kwamba mila huvunjwa kirahisi, huyo hana mila. Nilimwona kaka yangu na fimbo yake. Nilimwona marehemu baba. Nikawaza, labda nimpigie simu mama Lusajo, naye ampigie Vero. Simu ilikuwa chumbani, inachajiwa.

Nikakimbia. Mzee mzima, kandambili, shuka begani, povu la dawa ya meno mdomoni. Nilimkuta gurudumu la mbele linatoka getini, nikasimama mbele yake, mikono nimeitanua.

"Vero! Zima pikipiki!"

Ndiyo mara ya kwanza kulitaja jina lake mbele yake. Pikipiki ikazimika kwa kushtuka, nusura imwangukie. Akaiacha ikalala ubavu, akapiga magoti kwenye majani yenye umande, kichwa chini, elementi ile ya kuogopesha ikiwa kichwani. Halafu nikasikia sauti yake, ndogo.

"Baba, nani amekufa?"

Aliona hakuna kitu kingine duniani kingeweza kumfanya baba mkwe amwite ila kifo. Na kwa hesabu zake alikuwa sahihi.

"Hajafa mtu," nikamwambia. "Vua hiyo elementi, mwanangu. Nipe."

Akaivua bila kuinua uso, akanyoosha mkono kunipa. Nikaipokea. Nikaenda kwenye ngazi ya saruji ya nyumba yangu, nikaishika kwa mkanda, nikaibamiza mara moja kwenye kona. Sikutumia nguvu nyingi, mabega yangu mnayajua. Ilipasuka kuanzia kwenye ribiti mpaka utosini, ikafunguka vipande viwili kama kibuyu kikavu. Povu la ndani likamwagika chembechembe.

Vero alikuwa ameinua uso kwa ule mlio. Alisahau kitenge. Akatazama vipande, akanitazama mimi, akatazama tena vipande. Akaja akaokota kimoja, akakinusa.

"Thina," akasema.

"Na petroli."

"Lusajo kanipakia juzijuzi. Aliniambia ni zawadi." Akakikunja kile kipande kwa vidole, kikavunjika. Akasema kama anaongea na wakulima wake, "Kumbe ndo maana zile dawa za wadudu zenye mafuta tunawakataza kuhamishia kwenye chupa yoyote tu. Chupa inalegea, halafu siku moja inafunguka ndani ya mkoba, mgongoni kwa mtu."

"Ni hivyohivyo," nikamwambia. "Plastiki nayo hunywa."

Nikakaa kwenye ngazi. Naye akakaa, ngazi ileile, ncha ya pili. Akaanza kulia, halafu akaanza kucheka, akinionyesha kidevu kwa kidole. Nilijipangusa, povu la dawa ya meno lilikuwa limenikaukia mpaka kwenye ndevu. Nikacheka na mimi. Sijawahi kushusha pumzi kama asubuhi ile. Nilikuwa nahisi kama mtu aliyetua gunia la mahindi baada ya kupanda nalo kilima, mwili mzima unaelea.

Hakwenda kazini kwa pikipiki siku ile. Alimpigia simu mkuu wake, akasema ana dharura ya kifamilia, na ilikuwa kweli. Mchana alikwenda dukani kwa miguu akanunua elementi mpya. Nyeusi, bila hata stika. Maana na stika nazo, vijana, gundi yake ina thina ndani. Elementi haipakwi rangi, haifutwi kwa petroli, haibandikwi mapambo. Ioshwe kwa maji na sabuni, ikianguka vibaya inunuliwe nyingine. Mteja akija nayo anataka ifanane na pikipiki yake, mwambie nitakupakia pikipiki ifanane na elementi.

Lusajo alipiga simu kutoka Songea jioni. Mke wake alikuwa ameshamwambia. Nilisikia injini za malori nyuma yake.

"Baba, mimi nilitaka apendeze."

"Najua, mwanangu. Amependeza. Yuko hapa anapika."

Akakata simu. Akirudi safari sasa huniletea kila kitu cha plastiki anachotaka kukipaka, hata ndoo, mpaka nimemwambia apunguze.

Mke wangu alirudi kutoka msibani akakuta mkwe na baba mkwe wameketi ngazi moja wanamenya viazi. Alishusha kikapu, akashika kiuno.

"Hebu nielezeni."

Tulimweleza, tukipokezana. Nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka akaketi chini. "Ndaga, asante, Mungu," akasema. "Miaka yote hii mimi ndiye posta. Nimechoka. Pelekeaneni barua wenyewe."

Kaka yangu kule Tukuyu hakucheka. Alinipigia, akasema nimevunja mila ya wazee. Nikamwambia, kaka, nimevunja elementi. Akasema nimekuwa mtu wa Mafinga. Nikamwacha aseme, mkubwa ni mkubwa. Nilimsikiliza mpaka salio lake likaisha, kisha nikampigia mimi, nikamuuliza hivi: wazee walipoweka heshima hii, walitaka mkwe aishi vizuri kwetu au walitaka afe vizuri? Baadaye akauliza kama mtoto wa Vero ameanza shule. Aliposhuka kutusalimu wakati wa Krismasi, Vero alijifunika kitenge na kupita nyuma ya tangi kwa ajili yake, bila kuambiwa na mtu. Kaka aliona. Kabla hajapanda basi alinung'unika kwamba binti huyo ana adabu.

Mimi na Vero hatujawa watu wa porojo nyingi. Mazoea hayafi siku moja, na bado akiingia sebuleni ghafla nageukia dirishani. Lakini kila asubuhi akishawasha pikipiki, anaizima tena kidogo ili nimsikie.

"Baba, naondoka."

"Haya, mwanangu. Nenda salama."

Jioni akirudi anapiga honi mara moja, nami natoka kwenda kumfungulia geti.